Pikipiki ya Pili, Njia ya Natron

Kabla ya kulipa niliilaza pikipiki chini, palepale uani kwa fundi, kisha nikainyanyua peke yangu. Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Kaka, wenzio wanauliza inakimbia ngapi, wewe unaiangusha!"

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilijaribu njia ya Engaruka, inayoelekea Ziwa Natron, na pikipiki yangu ya lami. Arusha hadi Moshi hainichoshi hata kidogo, ila tumbo lake liko chini na tairi zake hazina meno. Engaruka kwenyewe sikufika. Rimu ya mbele ilipindia kwenye jiwe, sili ya shokapu ikaanza kuvuja, na nilipoanguka mchangani nilikaa kando ya chuma kile karibu saa nzima, hadi vijana wawili wachunga mbuzi waliponisaidia kukiinua.

Sikuiuza. Niliitafutia mwenzake: Honda XR150L iliyotumika, gurudumu la mbele inchi 19, la nyuma 17, spoki badala ya rimu za kumimina, na kabureta ambayo fundi wa kijijini anaifungua bila kuuliza. Mke wangu alitaka kujua tu nina makalio mangapi.

Niliondoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nane, kiangazi kimekolea. Makuyuni nikakata kulia, Mto wa Mbu nikajaza tangi lita zake 12, nikapunguza upepo wa tairi kidogo, nikaiacha lami. Ukuta wa Bonde la Ufa ukawa mkono wa kushoto, nao haukuniacha siku nzima.

Njia ile imekunjana kama bati. Ukienda taratibu inakutikisa mpaka meno. Ukikaza mwendo kidogo, tairi zinapita juu juu ya makunyanzi, lakini breki nazo zinakuwa za kuombea dua. Nilijifunza kusimama kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, pikipiki icheze yenyewe chini yangu.

Engaruka nilikunywa chai, nikaenda kutazama magofu. Hapo waliishi wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji ya kuteka maji yanayoshuka ukutani, wakahama kama karne tatu zilizopita. Nilisimama kwenye mfereji mkavu nikitazama mawe yalivyopangwa bila saruji. Mie fremu ya kubebea mizigo ilikuwa imeshalegea nati mbili.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Kati ya milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai njia inapita kwenye majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano, yamefunika mashimo yasionekane. Lengai una mita 2,962, na lava yake haifanani na ya volkano nyingine: inatoka nyeusi, ikishapoa inageuka nyeupe. Mlipuko wa 2007 ulimwaga majivu mengi huku. Hilo nililijua kwa kusoma. Sasa nilikuwa nalitema.

Nilianguka mara mbili. Ya kwanza nilishika breki ya mbele, kosa la mtu wa lami. Ya pili sijui hata ilikuwaje. Nilizima injini, nikageuka nikaipa mgongo, nikachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fremu, nikasukuma kwa miguu. Ikasimama. Hapakuwa na mbuzi wala mchungaji.

Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, nilifika jua likielekea kuzama. Ziwa Natron kwa mbali lina rangi ya waridi, na ukisogea unaona sehemu ya rangi hiyo inatembea: ndege aina ya heroe, maelfu kwa maelfu. Nililala kwenye hema nikiwa na vumbi masikioni, kwa sababu maji niliyobakiza yalikuwa ya kunywa.

Kurudi nilianguka mara moja tu. Mto wa Mbu nilifika petroli ikiwa bado ipo, nikaosha chujio la hewa lililokuwa limegeuka matofali, nikajaza upepo tairi. Ila kuanzia Makuyuni, lami ilinyooka na upepo wa Monduli ukanipiga kifuani, injini ikilia kama inadaiwa. Mabasi yote yalinipita. Kilomita zile 80 za mwisho nilikuwa nikiiwaza ile nyingine, iliyofunikwa turubai nyumbani.