Nilikula Saa 7, Nikaanza Kuhesabu

Saa 12 asubuhi. Nina mzio wa nyama ya mamalia, niliopata baada ya kuumwa na kupe, kwa hiyo nasoma karatasi ya dawa ya mgongo kabla ya chai. Kapsuli nyingi ni za jelatini, na jelatini hupatikana kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Nimeomba vidonge. Chai naweka maziwa. Wapo wenye mzio huu ambao hata maziwa hawayawezi, mimi nimebahatika.

Saa 2. Kazini. Mimi ni mpima ardhi, nashinda kwenye majani, na ndiko kupe alikonipata. Suruali naichomeka ndani ya soksi (wenzangu walicheka wiki nzima, sasa nao wanachomeka). Kupe akiniuma tena, kingamwili zinazoleta mzio huu zitapanda; nikikaa muda mrefu bila kuumwa, huenda zikashuka.

Saa 7. Kuku na mboga. Ndege na samaki hawana alfa-gali, ile sukari inayoniletea mzio, iliyomo mwilini mwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mamalia wengine wengi, ila si kwetu binadamu wala kwa sokwe.

"Mboga umekaangia mafuta gani?" namuuliza mpishi.

"Ya mimea. Dada, umekuja kula au kupima?"

Nimecheka, nikala. Tonge la nne ndipo nikaona kijiko chake kikitoka sufuria ya nyama na kuingia kwenye mboga zangu.

Saa 10. Sijambo kabisa, na hilo halinipi raha. Mzio wa karanga kwa kawaida hujitokeza upesi. Huu huchelewa saa 2 hadi 6. Mara ya kwanza nilikula nyama jioni, nikaamka usiku wa manane nina vipele mwili mzima, tumbo linasokota, koo linabana. Nililaumu sabuni. Nikalaumu shuka. Nani ataishuku nyama aliyoila tangu utotoni? Daktari wa kwanza alisema ni vidonda vya tumbo. Simlaumu sana: kingamwili hizi zilielezwa mwaka 2008 nchini Marekani, baada ya wagonjwa wa saratani kudhurika na dawa ya cetuximab, ambayo ina sukari hiyohiyo. Habari ya kupe ilifuata baadaye.

Saa 12 jioni. Midomo inawasha, au ni hofu? Sindano ya adrenalini iko mezani, jirani ana ufunguo wangu.

Saa 1:30 usiku. Saa sita zimepita. Naoga, najikagua: nyuma ya magoti, makwapani, kiunoni. Hakuna kitu. Nabandika mayai jikoni.