Pete Niliyoichonga Kwenye Shina

Nilikuwa kidato cha pili nilipochukua kisu kidogo na kubandua pete ya gome, yenye upana wa vidole viwili, kulizunguka shina la mti mchanga uliokuwa nyuma ya maabara ya shule, kisha nikakwangua mpaka mbao nyeupe, yenye utelezi, ikatokeza. Sikufanya hivyo kwa utundu. Asubuhi ile mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ametugawia mashina laini ya mmea yaliyokesha ndani ya maji yenye wino mwekundu, na nilipolikata langu kwa wembe niliona vitone vyekundu vimejipanga mduara karibu na ukingo, huku katikati pakiwa peupe kabisa. Kwa kuwa vitone vilikuwa karibu na ngozi ya shina, nilisadiki kwamba maji hupandia kwenye gome. Nikiikata njia hiyo, niliwaza, majani yatanyauka kabla ya jua kutua.

Hayakunyauka. Kesho yake yalikuwa mabichi, na wiki iliyofuata yalikuwa mabichi vilevile, hata saa za mchana ambapo jua lilikuwa kali. Nilipita pale kila siku baada ya vipindi, na jambo lililonisumbua zaidi lilijitokeza kama mwezi mmoja baadaye: ukingo wa juu wa jeraha ulikuwa umevimba ukawa kama mdomo mnene, ilhali ukingo wa chini ulibaki mwembamba kama siku nilipoukata.

Nilimwendea mwalimu, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu. Hakunikemea. Tulikwenda naye hadi kwenye mti, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya ule uvimbe polepole, kisha akasema, "Mwanangu, hiki ni chakula cha mizizi. Kimeshuka mpaka hapa kikakosa pa kupita."

Alinifafanulia kwamba mti una njia mbili, nami nilikuwa nimekata moja tu. Maji, pamoja na chumvi za madini zenye nitrojeni na potasiamu zinazofyonzwa na vinyweleo vya mizizi, hupanda kupitia zailemu, ambayo ndiyo mbao yenyewe, iliyojengwa na seli zilizokufa na kubaki mirija mitupu. Sukari inayotengenezwa na majani kwa usanisinuru husafiri kupitia floemu, tishu hai iliyo upande wa ndani wa gome, na hiyo ndiyo niliyoibandua. Katika shina changa tulilolikata darasani njia hizo zilikuwa zimebanana ndani ya mafungu madogo, na wino ulikuwa umepaka upande mmoja tu wa kila fungu. Jicho langu halikuweza kuzitenganisha. Mwitalia Marcello Malpighi, mwalimu aliniambia, aliwahi kuondoa pete ya gome namna hiyohiyo katika karne ya 17 na kuuona uvimbe uleule. Sijui kama alikusudia kunifariji, lakini nilifarijika sana.

Nilimuuliza ni pampu gani inayoyapandisha maji ikiwa seli za njia yenyewe zimekufa. Jibu lake bado naliona kuwa la ajabu kuliko yote niliyosoma shuleni. Maji huvutwa kutoka juu: yanapogeuka mvuke na kutoka kwenye vitundu vya stomata vya majani, molekuli zinazoondoka huzivuta zilizo nyuma yake, kwa maana molekuli za maji hushikamana, na mvuto huo hushuka kama kamba iliyokazwa mpaka mizizini. Pampu ya kufyonza haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi, lakini ipo miti yenye urefu unaozidi mita 100, na maji hufika kileleni. Nilitazama majani ya mti wangu yaliyokuwa yametulia bila upepo, nikashindwa kuamini kwamba muda wote ule yalikuwa kazini.

Hata hivyo, mizizi haikuweza kuishi kwa akiba yake siku zote. Baada ya miezi kadhaa majani ya juu yalianza kugeuka manjano na kudondoka, na ndipo nilipoona, chini tu ya jeraha, vichipukizi viwili vimechomoza. Nilitaka kuvikata, nikidhani vinaunyonya mti uliokwisha dhoofu. Mwalimu alinishika mkono. Majani ya vichipukizi hivyo, alisema, yako upande wa chini wa pete, kwa hiyo sukari yake itafika mizizini bila kizuizi. Likizo ilipokaribia alilikata shina la juu kwa msumeno, akaacha kichipukizi kimoja chenye nguvu zaidi, akanikabidhi nikitunze. Nilipomaliza kidato cha nne kilikuwa kimenipita kwa urefu.