Siku moja kwenye shamba la wageni, Cotswolds, msimu kondoo wanapozaa

Likizo ya Pasaka ndiyo msimu mkubwa wa mashamba ya wageni, yaani mashamba ambayo watu hulipa tiketi kuja kuona wanyama, huku Gloucestershire, Uingereza, kwenye vilima vya Cotswolds. Shule zimefungwa wiki mbili, mchana umerefuka, na kondoo wanazaa. Wageni wengi hudhani hayo matatu yamekutana kwa bahati. Hapana. Dume huingizwa kwa majike kwa tarehe inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka kalenda ya shule. Mimba ya kondoo ni kama siku 147, kwa hiyo dume akiingia tarehe 1 Novemba, wanakondoo wa kwanza wanatarajiwa karibu tarehe 28 Machi. Na kwa kuwa Jumapili ya Pasaka huhamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, hesabu hiyo hufanywa upya kila mwaka. Dume hupakwa rangi kifuani, na rangi hubadilishwa kila baada ya siku 16 au 17, ndipo mgongo wa jike unaonyesha alipandwa katika kipindi gani. Anayepuuza rangi hufungua geti la Pasaka akiwa na zizi zima la majike wenye matumbo, na hakuna hata mmoja aliye tayari kuzaa.

Hii ni siku ya kazi ya katikati ya Aprili.

Saa 11:30 alfajiri

Kazi ya kwanza ni kupokea zamu kutoka kwa aliyekesha zizini. Kila jike aliyezaa usiku amehamishiwa kwenye kizimba chake, kama mita moja na nusu kwa moja na nusu, akae humo na watoto wake siku moja hadi mbili wajuane kwa harufu na sauti. Mama na watoto hupuliziwa namba moja ubavuni. Siku wanapotoka kwenda malishoni, namba hiyo ndiyo itakayosema nani amepotezana na nani.

Ukaguzi wa watoto huanza kwa macho. Mwanakondoo aliyeshiba huinuka na kujinyoosha; aliyesimama kimya, mgongo umepinda, hajanyonya. Hapo unamtia kidole mdomoni, na mdomo ukiwa wa baridi unachukua kipimajoto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39 anakaushwa, anapewa maziwa kwa mpira unaofika tumboni, kisha anarudishwa kwa mama. Akiwa chini ya 37 na amepita saa tano tangu azaliwe, msimkimbize kwenye taa ya joto. Mafuta aliyozaliwa nayo yameshaungua na sukari imekwisha mwilini, na ukimpasha moto katika hali hiyo anaweza kushikwa na degedege akafa. Hupigwa kwanza sindano ya glukosi tumboni, na anayeipiga ni yule aliyefundishwa na daktari wa mifugo. Joto linafuata baadaye.

Kitovu huchovywa chote kwenye iodini mara anapozaliwa. Kitovu kibichi ni njia ya vijidudu, na uzembe wa dakika moja huonekana baada ya siku kadhaa: magoti yamevimba, mtoto anachechemea, na dawa imechelewa. Halafu dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga. Kipimo ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, na mlo wa kwanza uingie ndani ya saa chache za mwanzo, kwa sababu uwezo wa utumbo kupitisha kinga hiyo unapungua kadiri saa zinavyokwenda. Mtoto wa kilo nne anahitaji mililita 200. Jike mwenye watoto watatu huwa na chuchu mbili tu, na hapo mmoja huchaguliwa kuwa wa chupa.

Saa 1 asubuhi

Maziwa ya unga yanakorogwa kwa kiasi cha gramu 200 kwa kila lita ya maziwa yaliyokamilika, yatoke vuguvugu kama mwili wa mnyama. Walio wachanga hunywa mara nne kwa siku, robo lita kila mara: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 na saa 1 usiku. Milo miwili ya katikati ndiyo wageni wanayoishiriki. Ratiba hiyo haisogezwi hata dakika ishirini kwa ajili ya basi la shule lililochelewa. Mwanakondoo mwenye njaa hunywa kwa pupa, tumbo hujaa gesi, na anaweza kufa siku hiyohiyo.

Wakati huohuo wengine wanalisha mbuzi, farasi wadogo, kuku na ng'ombe. Ndoo za chakula cha kondoo zina rangi yake na hazichanganywi na nyingine. Chakula cha farasi au cha mbuzi kinaweza kuwa na madini ya shaba mengi kuliko ini la kondoo linavyoweza kuhimili. Shaba hujikusanya polepole kwa wiki nyingi, kisha mnyama anaanguka ghafla.

Saa 2:15 asubuhi

Sasa uwanja. Sinki za kunawia zinakaguliwa moja moja: maji ni ya moto kiasi, sabuni ipo, taulo za karatasi zipo, na zile za watoto ziko chini wanakofikia. Nikiulizwa kipi cha kuangalia kwanza kabla ya kulipa tiketi ya shamba lolote, nitajibu sinki. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaweza kubeba bakteria wa E. coli O157 bila wenyewe kuugua, na idadi ndogo sana ya bakteria hao inatosha kumlaza mtoto. Mwaka 2009 mlipuko uliotokana na shamba la wageni huko Surrey uliwapata watu 93, wengi wao watoto, na baadhi waliharibika figo. Tangu hapo kazi yetu ilibadilika. Dawa ya kupaka mikononi isiyohitaji maji haitoshi: haipenyi kinyesi, na haiui kriptosporidiamu, kijidudu cha kuhara kinachobebwa hasa na ndama na wanakondoo. Ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, mzazi amesimama hapo.

Chini ya vyombo vya kuchezea, maganda ya miti yanapimwa kwa fimbo: sentimita 30. Penye bembea na mwisho wa mteremko huwa yamesukumwa na miguu hadi ardhi inaonekana, na hapo ndipo mtoto atakapoangukia. Jumba la hewa la kurukia hufungwa chini kwa nanga zisizopungua sita, na upepo unapimwa kwa kifaa badala ya kukisiwa. Ukizidi kilomita 38 kwa saa, jumba linatolewa hewa hata kama foleni ni ndefu.

Saa 4 asubuhi, geti

Tiketi nyingi hununuliwa mapema mtandaoni kwa muda maalumu wa kuingia, na hilo hupunguza msongamano wa saa nne na nusu. Wanaokuja na gari wafuate vibao vya kahawia vyenye maandishi meupe wanapokaribia. Simu, ikipewa msimbo wa posta tu, mara nyingi huwapeleka kwenye kichochoro cha nyuma kinachopita trekta moja. Kwa wanaotoka London bila gari, treni kutoka Paddington hadi Moreton-in-Marsh ni kama saa moja na nusu, lakini kutoka hapo mabasi ya mashambani ni machache, na Jumapili huenda yasiwepo kabisa. Teksi iagizwe siku moja kabla.

Getini maneno ni machache. Mwenye mimba asiingie zizi la kuzalia, wala asishike wanakondoo au nguo za waliozalisha. Kondoo wanaozaa wanaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa mimba kwa binadamu, toksoplasma na klamidia ya kondoo vikiwamo. Hili linasemwa kwa kila kundi, bila kukisia tumbo la mtu. Chuchu bandia ya mtoto iwekwe mfukoni. Chakula ni mezani tu, baada ya kunawa. Kisha mtoto anapewa utepe wa mkononi wenye rangi ya zamu yake ya chupa. Wanakondoo wa chupa wakiwa 18, tepe ni 36 kwa zamu, wawili kwa chupa moja, na zikiisha zimeisha. Kabla ya tepe, kila aliyefika alitaka chupa, na wanyama walinyweshwa kupita kiasi.

Saa 5 asubuhi

Chupa hushikwa chini, mwanakondoo asimame na shingo yake ya kawaida kama anavyosimama chini ya mama. Mtoto akiiinua juu, maziwa hupita njia ya mapafu na homa ya mapafu hufuata. Mfanyakazi mmoja hasemi na wageni kabisa; kazi yake ni kuhesabu nani amekunywa. Chupa ikiisha inaondolewa, kwa maana mwanakondoo ataendelea kuvuta hewa.

Baada ya hapo wote wanaongozwa kwenye sinki kwa njia moja isiyo na pa kuchepukia. Njia hiyo ilipangwa makusudi. Ukiweka duka la barafu tamu kati ya zizi na sinki, hakuna tangazo litakalokusaidia.

Saa 6 hadi 8 mchana

Mgahawa unajaa na meza za nje zinajaa. Tatizo la saa hizi ni mkate kurushwa kwa nguruwe. Nguruwe wetu wa madoa, Gloucestershire Old Spots, ni wapole na wanajua kuomba, lakini kuwapa mabaki ya jikoni ni kosa la jinai Uingereza. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001, uliopelekea wanyama zaidi ya milioni sita kuchinjwa na njia za mashambani kufungwa, ulihusishwa na mabaki ya vyakula waliyolishwa nguruwe. Mlinzi husimama hapo na kueleza kwa upole. Familia zisizopenda kukaribia nguruwe zina njia ya pembeni inayowapita mbali, na ramani inaionyesha.

Mchana huu huenda jike akazaa mbele ya watu. Dalili ni kuparua mabua, kulala na kuinuka, kutazama angani. Chupa ya uzazi ikipasuka tunatazama saa. Kinachotakiwa kuonekana ni kwato mbili za mbele na pua juu yake. Kichwa pekee, mguu mmoja, au mkia, ni kazi ya mkono wenye glavu na mafuta ya kulainisha. Saa moja ikipita bila maendeleo tunachunguza. Umati unawekwa nyuma ya kamba kama mita tatu na kuombwa unyamaze, kwani kelele humfanya jike ainuke na kusitisha uchungu. Watoto hunyamaza kuliko wazazi wao.

Saa 8:30 mchana

Sungura na simbilisi hushikwa kwa dakika 20, kisha kundi hilo linapumzika na lingine linaingia. Watoto hukaa kwenye benchi fupi na mnyama anakaa mapajani, kwa sababu simbilisi akianguka kutoka mikono ya mtoto aliyesimama anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Mnyama anayejificha au kugonganisha meno hutolewa. Ni haki yake.

Pembeni trekta linavuta tela la wageni kuzunguka mabanda ya mifugo adimu. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kati ya mwaka 1900 na 1973 Uingereza ilipoteza aina 26 za mifugo yake ya asili. Mwaka 1971 mkulima Joe Henson alifungua Cotswold Farm Park hapa kwenye vilima hivi ili watu walipe kuona aina zilizobaki, na mwaka 1973 shirika la kulinda mifugo adimu, Rare Breeds Survival Trust, likaanzishwa. Kondoo wa Cotswold mwenye sufu ndefu anayewatazama watoto kutoka upande wa pili wa ua ni wa ukoo wa wale ambao sufu yao ilijenga makanisa makubwa ya vijiji hivi enzi za kati. Tiketi ya mlangoni ndiyo inayomlisha sasa.

Saa 9 alasiri

Zamu ya pili ya chupa. Kwa siku nyingi za Aprili hutokea pia mwanakondoo kufa, na mtoto mmoja atauliza mbona haamki kama wengine. Jibu letu ni moja: amekufa. Hatusemi amelala, kwa sababu mtoto wa miaka minne atakwenda kulala usiku huo. Mzoga unafunikwa na kuondolewa. Sheria hairuhusu kuuzika shambani, unachukuliwa na gari lenye kibali.

Saa 11 jioni

Geti linafungwa. Pa kuoshea gambuti papo kwenye njia ya kutokea, na wazazi wanakumbushwa magurudumu ya kigari cha mtoto, maana kinyesi husafiri nayo hadi sakafu ya nyumbani. Kisha mabua machafu yanatolewa, sinki zinasafishwa, na vifuko vya chakula cha wanyama walivyouziwa wageni vinahesabiwa. Vikizidi kiwango cha siku, mbuzi hupunguziwa mlo wa jioni. Nafaka nyingi kwa mara moja hutia asidi tumboni mwao.

Saa 1 usiku

Mlo wa nne wa chupa, halafu ubao unaandikwa kwa ajili ya anayekesha: namba za majike wenye dalili, nani ana mapacha kwa mujibu wa kipimo cha mimba, nani alikataa mtoto. Utabiri wa hewa unasomwa mwisho. Mvua ikizidi usiku, uwanja wa nyasi wa kuegesha magari utakuwa tope kufikia saa nne, na kuvuta magari kwa trekta hula wafanyakazi wawili siku nzima. Kwa hiyo uamuzi unafanywa leo: tiketi za asubuhi zinapunguzwa hadi idadi ya magari inayotosha kwenye maegesho ya kokoto, na waliokwisha kulipa wanaandikiwa usiku huu wavae gambuti na wafike nusu saa mapema.