Gharama za shule ya filamu zisizoandikwa kwenye karatasi ya ada

Karatasi ya ada hutaja masomo, usajili, pengine na maktaba. Filamu yenyewe haitajwi. Shule inakupa darasa, walimu na ruhusa ya kuazima kamera. Yanayobaki, kuanzia nauli za waigizaji hadi diski za kuhifadhia picha, mara nyingi yanatoka mfukoni mwako. Nilimaliza masomo bila deni la filamu hata moja. Naeleza nilivyofanya kwa sababu inaniuma kukumbuka wenzangu wenye vipaji ambao filamu zao za mwisho zilikwama kwenye uhariri, pesa zikiwa zimekwisha.

Nilianza kwa kuwauliza wanafunzi walionitangulia, maana wao ndio walikuwa wameshalipa. Walinifungua macho kuhusu bima. Kamera unaazima bure, lakini lenzi ikivunjika kuna kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijalipa chochote, na bima nyingi hazifidii kifaa kilichoibwa ndani ya gari lisilo na mtu. Tangu hapo sikutia saini fomu ya kuazima kabla ya kuuliza mambo hayo mawili.

Kilichoniokoa zaidi ni kuusoma muswada wa filamu kwa jicho la mweka hazina. Kwenye rasimu yangu kulikuwa na kichwa cha onyesho kilichosomeka: NJE. BARABARANI. USIKU. MVUA. Nikachukua kalamu nyekundu. Usiku unadai taa, taa zinadai jenereta na mafuta, na kazi ikiisha usafiri wa umma umeshalala, kwa hiyo watu wote inabidi uwarudishe makwao. Barabara inadai kibali na watu wa kuzuia wapita njia. Mvua inadai maji, pampu, na nguo za akiba kwa kila mwigizaji, kwani akishalowa huwezi kurudia shoti bila kumbadilisha. Nikalihamishia onyesho chumbani, kando ya dirisha, mchana, na mvua nikaiweka kwenye sauti tu. Likawa zuri kuliko lile la kwanza, kwa sababu mtazamaji sasa alikuwa karibu na nyuso za wahusika wangu wawili, na ugomvi wao ndio ulikuwa kiini cha filamu.

Chakula sikukipunguza hata mara moja. Watu wanaokushikia taa bila malipo wanastahili mlo wa moto, na utaratibu uliozoeleka kwenye kazi hii ni kwamba kikosi kisifanye kazi zaidi ya muda wa saa sita mfululizo bila kula. Fungu hilo nililitenga kabla ya mengine yote.

Diski nazo zina hesabu yake. Ukirekodi kwa ProRes 422 HQ, fomati ya video yenye ubora wa juu na mafaili makubwa, katika 4K, fremu 24 kwa sekunde, saa moja ya picha inakula takriban gigabaiti 318. Filamu ya dakika 10, ukirekodi mara sita ya urefu wake, ni saa moja kamili. Nakala zinatakiwa tatu, moja ikae mbali na nyingine, kwa hiyo unakaribia terabaiti nzima. Mimi nilirekodi kwa HD ya 1920 kwa 1080, ambayo kwa fomati hiyohiyo ni kama gigabaiti 79 kwa saa, na akiba ikaenda kwenye sauti. Picha yenye chembechembe watu huivumilia. Mazungumzo yasiyosikika hawayavumilii.

Muziki una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na zote zinalipiwa. Nilielewana na mwanafunzi wa muziki anitungie, tukaandikiana kwamba filamu inaruhusiwa kuonyeshwa na muziki huo kwenye matamasha ya filamu na mtandaoni pia. Leseni ya matamasha peke yake ni nafuu, ila siku ukitaka kuiweka filamu mtandaoni unaanza kulipa upya.

Theluthi ya bajeti niliifungia kwa ajili ya kazi za baada ya kurekodi: manukuu, kuchanganya sauti, nakala ya kuonyeshea sinema, ada za kuwasilisha kwenye matamasha. Ada hizo huwa ndogo kwa anayewahi, na baadhi ya waandaaji huwasamehe wanafunzi wakiombwa kwa barua.

Kilichobaki ni kipato kinachopotea wiki za kurekodi, wakati huwezi kushika kibarua. Hapo tulibadilishana kazi: mimi nilirekodi sauti kwenye filamu za wenzangu, wao wakaja kwenye yangu, na ratiba tukaipanga mapema ili kila mtu aombe ruhusa kazini kwake kwa wakati.