Nilivyolitoa jiko langu la nyama choma kwenye mtungi na kuliweka kwenye gesi ya bomba

Nyumba tunayokaa hapa Houston ina bomba la gesi asilia. Ndiyo inayopasha maji ya kuoga na kuwasha jiko la ndani. Uani, hatua chache kutoka bomba hilo, jiko langu la kuchomea nyama lilikuwa bado linatumia propani ya mtungi.

Mtungi wa kawaida wa majiko haya ni wa paundi 20, yaani kilo 9, lakini ile ya kubadilishana madukani mara nyingi hujazwa paundi 15 tu. Jiko langu lina burna nne, yaani vichwa vya kutolea moto, kila moja ya BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa. Zote zikiwaka kwa nguvu, mtungi wa paundi 15 haufiki saa saba. Sisi tukialika watu, mishkaki huanza mchana na mbuzi hufuatia hadi usiku, na gesi ikikata mbavu zikiwa nusu mbichi, wageni wanakaa tu wakitazama sahani. Nikaamua jiko lihame.

Watu wengi hudhani kazi ni kuchomoa mpira wa mtungi na kuchomeka wa bomba. Sivyo kabisa. Futi moja ya ujazo ya propani ina joto la BTU 2,500 hivi. Gesi asilia ina kama 1,000 tu. Presha nazo hazilingani: propani huingia kwenye jiko kwa inchi 11 za safu ya maji (kipimo cha presha ndogo), wakati majiko mengi ya nyama ya gesi asilia hupangiwa inchi 4. Kwa hiyo gesi asilia inahitaji kupita kwa wingi zaidi ili itoe moto uleule, na mlango wake ni kitundu cha nozeli, kile kipande kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni mwa burna. Kwa burna ya BTU 12,000, kitundu cha propani kina kipenyo cha milimita 1 hivi; cha gesi asilia kinakaribia 1.6. Ukiunganisha bomba bila kubadilisha nozeli, utapata moto dhaifu usioivisha hata kuku. Kinyume chake ndiyo hatari yenyewe: propani kwenye vitundu vya gesi asilia hulipuka moto mkubwa usiotawalika.

Nilianza na kitabu cha maelekezo. Kuna watengenezaji wanaouza vifaa vya kubadilishia kwa modeli maalumu, na wapo wanaokataza kabisa, ukigusa tu dhamana inakufa. La kwangu liliruhusiwa. Lingekuwa la kukatazwa ningeliuza nikanunua lililotengenezwa kwa gesi asilia. Wapo pia wanaotoboa nozeli za zamani kwa keke ndogo ya kutobolea chuma; sikubaliani nao. Kitundu kikiwa na ukingo mbovu gesi hutoka upande, na hata kosa la sehemu ndogo ya milimita hapo huonekana kwenye moto.

Kazi ya bomba nilimwachia fundi mwenye leseni. Alijumlisha kwanza matumizi ya vifaa vyote vya nyumba ili ahakikishe mita na bomba vitahimili BTU 48,000 za ziada, kisha akachukua tawi karibu na tangi la maji moto, akalitoa nje na kulifunga koki na kiungio cha kuchomeka mpira. Kibali cha jiji kilitoka, bomba likapimwa kwa presha ya hewa kabla ya kufunguliwa gesi. Hapo sikuona sababu ya kubana fedha.

Jiko lenyewe nilifanya kwa mikono yangu. Niling'oa regulata ya mtungi, kile kifaa cha kudhibiti presha ya gesi, pamoja na mpira wake, nikafunga regulata ya gesi asilia, nikatoa burna moja baada ya nyingine na kubadilisha nozeli kwa spana ndogo. Kila kiungo nilikipaka maji ya sabuni nikatazama mapovu. Pua pia inasaidia, ingawa gesi asilia yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia hutiwa makusudi. Hapa Texas jambo hilo lina historia chungu: tarehe 18 Machi 1937 gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule ya New London ikalipuka, ikaua watu wapatao 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria ikalazimisha gesi itiwe harufu. Lakini harufu isikufanye uache sabuni, kwa sababu uani upepo huipeperusha.

Sehemu iliyonipendeza ni kurekebisha moto. Niliifanya jioni, giza likiingia, maana mchana rangi haionekani vizuri. Shingoni mwa kila burna kuna kilango cha hewa. Moto ukiwa wa njano na mlegevu, hewa haitoshi, na utaacha masizi kwenye nyama. Ukinguruma na kuruka kutoka kwenye burna, hewa imezidi. Nilitafuta bluu tulivu yenye ncha kidogo za njano. Kisha nikapunguza hadi moto mdogo, na burna mbili zikazimika. Dawa yake iko ndani ya shina la koki: ukitoa kitasa utaona skrubu ndogo, na kwa gesi asilia inafunguliwa kidogo.

Dada yangu anakaa Mikocheni, Dar es Salaam, ambako kuna nyumba zilizounganishwa na gesi asilia ya kusini. Aliniuliza kama jiko lake la mtungi litafaa. Nilimjibu, "Dada, usikubali fundi aunganishe bomba bila kugusa nozeli na regulata." Mitungi ya huko ni mchanganyiko wa propani na butani, lakini kanuni ni ileile.

Nozeli za zamani na regulata ya mtungi nimezitia kwenye mfuko, nikaandika jina la modeli juu yake na kuuning'iniza stoo. Tukihamia nyumba isiyo na bomba, jiko litarudi kwenye propani, na nozeli za sasa zitatoka zote kabla ya mtungi kuguswa.