Kampuni kwanza au mkopo kwanza?

Wengi wanaotaka kununua nyumba ya kupangisha kwa mkopo hukimbilia kusajili kampuni kabla ya kujua benki itasema nini. Kampuni yenye ukomo wa dhima hutenganisha mali zako na madeni ya nyumba ya kupangisha: mpangaji akiteleza ngazini na kushtaki, kwa kawaida kinachodaiwa ni mali ya kampuni. Ila kampuni changa haina historia ya mikopo, kwa hiyo benki humtaka mwenye kampuni asaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa kwa mali yake kampuni ikishindwa. Ukishasaini, kwa deni hilo kinga imekwisha.

Wengine hununua kwa jina lao, kisha huihamishia nyumba kwenye kampuni. Hapo ndipo mambo huharibika. Uhamisho unaweza kuzaa kodi na ada upya, na mikataba mingi ya rehani huipa benki haki ya kudai deni lote kwa mkupuo umiliki ukibadilika. Soma kifungu hicho kabla, si baada.

Hesabu ya kujua kama pango litatosha kulipa mkopo ni fupi. Chukua pango la mwaka, toa miezi ya nyumba kukaa tupu, matengenezo, bima na kodi ya majengo, kisha gawanya kwa marejesho ya mwaka, riba na deni la msingi pamoja. Pango la 120,000 ukitoa gharama za 36,000 linabaki 84,000. Marejesho yakiwa 70,000, uwiano ni 1.2. Wakopeshaji wengi hutaka 1.2 hadi 1.25. Chini ya 1, nyumba unailisha wewe.

Akaunti nayo iwe ya kampuni peke yake. Ukilipia humo karo ya mtoto, mahakama inaweza kuamua kwamba wewe na kampuni ni kitu kimoja.