Ulimi wenye ramani
Jamani wa Wete na Chake, ulimi wangu umekuwa gumzo nyumbani. Mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, mfano wa ramani. Leo yapo ubavuni, wiki ijayo yamehamia nchani. Urojo ukiwa na pilipili, naungua. Bibi keshahukumu: "Joto la tumbo hilo, mjukuu wangu, kunywa maji ya ukwaju." Ukwaju ndio ulioniunguza zaidi, Mungu amweke bibi yangu.

Daktari wa meno aliutazama tu, dawa hakuandika. Kumbe vile vijinundu vidogo vya juu ya ulimi hupukutika sehemu sehemu, kisha huota tena. Hauambukizi, si saratani, na wengine hukaa nao miaka. Ukiwasha, nipunguze vikali na vichachu, basi.

Mengine aliyonieleza ndiyo yaliyonikaa. Utando mweupe unaokwanguka ukaacha wekundu huenda ni fangasi: huwapata watoto wachanga, wenye kisukari, na wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua. Ulimi uliolainika, mwekundu, unaouma, huenda damu imepungukiwa na madini ya chuma au vitamini B12. Lakini kidonda au uvimbe mgumu usiopona wiki tatu, hata kama hauumi, ni wa kupelekwa spitali haraka. Popoo na tumbaku, vyote viwili husababisha saratani ya kinywa, na tambuu za wazee wetu huwa navyo pamoja. Mwenye mzee anayetafuna amwombe autoe ulimi, amtazame pembeni na chini, siyo juu tu.